Umemuona ndege au mnyama usiyemjua hapa Arusha au Moshi? Jinsi ya kumrekodi na kumshea mpaka atambulike

Wadau wa Chuga na Moshi, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp haipiti wiki bila mtu kutupia picha ya kitu kiko juu ya mti, giza giza, imepigwa kwa mbali, na chini ameandika "jamani huyu ni ndege gani", afu inaanza sasa, mmoja anasema bundi, mwingine kipanga, wa tatu anasema hiyo sio ndege ya kawaida nendeni mkaombe, wa nne anatuma stika. Mpaka jioni picha imeshapanda juu huko haionekani tena na hakuna hata mmoja aliyeuliza maswali mawili ya maana: ulimuona wapi, na ulimuona lini.

Hayo maswali mawili ndo kila kitu, mengine yote yanafuata. Picha kali ya chui isiyo na mahali wala tarehe ni pambo la ukutani, ila picha mbovu ya mnana anayejenga kiota pale Rau mwezi wa nne, ikiwa na sehemu na tarehe, hiyo ni taarifa, mtu wa utafiti anaweza kuitumia kesho au miaka hamsini ijayo. Kwahiyo kama hutaki kusoma yote haya chukua hilo moja uende nalo, waliobaki tuendelee.

Kwanza toa kichwani wazo kwamba lazima uingie hifadhini. Hifadhi ya Arusha tamu, Momella kule kuna heroe na Ngurdoto kuna mbega, na sisi wabongo kiingilio chetu ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni, lakini hifadhini tayari kuna macho mengi na kamera nyingi. Sehemu ambazo hazina mtu wa kuangalia ni kwenye kihamba (shamba la nyumbani) cha bibi yako kule Kibosho, kando ya mfereji, Mto Themi unavyopita katikati ya mji, msitu wa Rau, Ziwa Duluti pale Tengeru, hata ukuta wa nyumba yako ya kupanga usiku taa ikiwaka na mijusi imejipanga inasubiri wadudu. Huko ndo rekodi ni chache.

Ukimuona, ufanye nini

Piga picha kwanza ulipo, hata kama ni mbaya. Usianze kusogea, usianze kumwita mwenzio, piga moja ya ushahidi afu ndo usogee taratibu, unapiga, unasogea, unapiga. Watu wengi wanasubiri mpaka wafike karibu ndo watoe simu, mnyama keshaondoka zamani.

Usizumu sana kwenye simu, ukivuta mpaka mwisho unapata mabaka mabaka tu, afadhali upige kawaida ukate baadae. Kama una darubini kuna ujanja mmoja watu wanaotembeza wageni wanautumia sana, unaweka lenzi ya simu kwenye jicho moja la darubini, unatulia, unapiga, inahitaji mkono usiotetemeka lakini ukizoea unapata ndege wa mbali kabisa na hata rangi ya jicho inaonekana.

Afu piga pande tofauti, na hapa inategemea ni nani unampiga. Ndege mtafute kwa ubavu ili mdomo, jicho, bawa na mkia vyote vionekane kwenye picha moja, na akiruka usikate tamaa endelea kupiga, kwasababu umbo la mkia na rangi za chini ya bawa mara nyingi ndo zinamaliza ubishi. Kipepeo unataka juu na chini ya mabawa, ni kawaida kabisa pande hizo mbili kutofanana. Kinyonga, kichwa kwa ubavu na mwili mzima. Swala, usimpige uso tu kisa anapendeza, piga matakoni (nitaeleza). Mmea piga ua, jani upande wa juu na wa chini, jinsi majani yalivyojipanga kwenye tawi, na gome, mana picha ya mti mzima kwa mbali haisaidii kitu.

Nyayo piga kutokea juu moja kwa moja, simu isiinamie upande, na weka kitu kinachojulikana ukubwa pembeni, peni au kiberiti au rula kama unayo, sio mkono wako kwasababu hakuna anayejua mkono wako una ukubwa gani. Wale wanaogombana kila siku kama ni chui au fisi aliyepita shambani, angalia kucha. Paka wote wa aina ya chui wanatembea kucha zimeingizwa ndani kwahiyo kwenye nyayo huzioni, fisi na mbwa kucha zao zinaacha alama mbele ya vidole. Kwenye tope laini sana au mnyama akiteleza inaweza kukudanganya, ndo mana unapiga nyayo kadhaa na sio moja.

Sauti nayo ni ushahidi. Kama kitu kinalia usiku na hukioni, washa kinasa sauti cha simu, dakika moja inatosha, uwe kimya, usiongee juu yake. Kuna mnyama kwenye misitu ya Kilimanjaro na Meru anaitwa perere, ana ndugu yake pimbi wa kwenye mawe, lakini yeye anaishi juu ya miti, usiku anaanza na mkwaruzo kama mlango usiotiwa mafuta afu sauti inapanda inapanda mpaka inakuwa makelele ya kutisha, na ukimuuliza mtu asiyemjua anakwambia hilo ni jitu. Picha yake kuipata ni shughuli, sauti yake unaipata ukiwa umekaa tu.

Na andika. Simu ina sehemu ya notsi, andika palepale usije ukasema nitakumbuka: alikuwa anafanya nini, wangapi, kwenye mti gani au nyasi au maji, alikuwa na wengine wa aina gani. Picha haioneshi kwamba alikuwa anatembea chini akirukaruka au alikuwa anaganda hewani juu ya ua.

Jambo la WhatsApp ambalo watu hawalijui

Simu yako ukiruhusu kamera itumie lokesheni inaandika mahali na muda ndani ya picha yenyewe. GPS ya simu haihitaji bando, kwahiyo hata ukiwa juu kule Mweka mtandao umekata inaandika tu (inaweza kuchelewa kidogo kushika, subiri nje uwazini). Nenda kwenye mipangilio ya kamera uiwashe, leo.

Sasa ukituma hiyo picha WhatsApp kama picha ya kawaida, ile taarifa yote inafutwa, na picha inabanwa inapungua ubora. Anayepokea anapata sura tu. Skrinishoti ndo mbaya zaidi, inabeba tarehe ya siku uliyopiga skrinishoti, kwahiyo ndege aliyeonekana mwezi wa kumi na moja anarekodiwa mwezi wa pili. Kama lazima utume WhatsApp tuma kama dokumenti, inakwenda nzima na kila kitu chake. Au basi andika kwa mkono chini ya picha: sehemu, tarehe, saa. Na ukiandika sehemu usiandike "Moshi", Moshi ipi, andika "Rau, upande wa mashamba ya mpunga" mtu aelewe.

Afu kitu kingine, picha ya kuforwadiwa sio ya kwako. Usiiweke popote kama umeiona wewe. Kuna picha za chatu amemeza mbuzi zinazunguka kila msimu wa mvua na kila mwaka zinasemekana zimepigwa kijiji kingine.

Kutambua: anza na umbo, rangi baadae

Mtu akimuona ndege kitu cha kwanza anasema rangi. Rangi inadanganya, jua la jioni linafanya kila kitu chekundu, kivuli kinafanya kila kitu cheusi, dume na jike hawafanani, mtoto hafanani na yeyote. Anza na ukubwa kwa kulinganisha na ndege unayemjua, mkubwa kuliko njiwa, mdogo kuliko shomoro. Halafu mdomo, mfupi mnene wa kupasua mbegu au mrefu umepinda wa kunyonya maua. Halafu mkia. Halafu yuko wapi na anafanya nini. Rangi iwe ya mwisho, na ukifika kwenye rangi angalia sehemu maalum: jicho, chini ya mkia, kisogo.

Nitoe mifano ya hapahapa kwetu maana ndo inaeleweka.

Wale kwezi wa bluu wanaong'aa wenye tumbo la rangi ya chungwa, wanaookota makombo kwenye bustani za hoteli na sehemu za pikiniki, wengi wanadhani ni aina moja. Wako wawili wanaofanana. Mmoja (Lamprotornis superbus) ana mstari mweupe unaotenganisha bluu ya kifua na chungwa ya tumbo, na jicho lake ni jeupe jeupe, na chini ya mkia ni nyeupe. Wa pili (Lamprotornis hildebrandti) hana mstari huo na jicho ni jekundu. Sasa mtoto wa yule wa kwanza jicho lake bado ni la giza, hapo ndo watu wanapotea, angalia chini ya mkia kama ni nyeupe.

Kunguru. Yule wa mjini, wa dampo na stendi, ana kifua cheupe na weupe unazunguka mpaka shingoni, huyo ni Corvus albus. Ukipanda Kilimanjaro, pale kambi ya Horombo mita 3,720, wale wanaovizia lanchi boksi za wageni ni wengine kabisa, Corvus albicollis, wakubwa, mdomo mnene una ncha nyeupe, na weupe uko kisogoni tu, mbele kote ni weusi. Wapagazi wanawajua vizuri sana hawa kwa tabia.

Ndege mkubwa anazunguka juu ya nyama choma, mkia una mkato katikati na anaupindapinda akiruka, huyo ni mwewe. Akiwa na mkia mfupi mwekundu wa kutu na chini ni mweupe, huyo ni Buteo augur, yuko sana miteremko ya Meru na Kilimanjaro. Ila wapo wa aina hiyohiyo wenye tumbo jeusi, ni walewale, mkia haubadiliki, kwahiyo shika mkia.

Swala, na hili ndo la matakoni. Ukienda nyika za kuelekea Longido unakuta swala tomi na swala granti wamechanganyika. Watu wanatumia ule mstari mweusi ubavuni, wanasema mwenye mstari ni tomi. Mara nyingi sawa, lakini granti jike na watoto nao wanaweza kuwa na mstari wa giza ukachanganyikiwa. Angalia nyuma: granti weupe wa matako unapanda juu ya mkia mpaka mgongoni, tomi weupe unaishia chini ya mkia. Hiyo haikuangushi hata kwa mbali.

Jamii ya nyani na ndugu zake ni rahisi ukitulia. Tumbili ana uso mweusi umezungukwa na nywele nyeupe, ndo yule anayeiba ndizi mezani. Kima ni mzito zaidi, wa msituni, kijivu giza na weupe kooni. Mbega ni mweusi mwenye mashuka meupe marefu ubavuni na mkia wa manyoya mengi meupe. Na mtoto wa mbega anazaliwa mweupe mzima, kwahiyo kila mwaka kuna mtu anatangaza ameona nyani zeruzeru kule Ngurdoto, angalia amebebwa na nani.

Kinyonga hapa kwetu ni utajiri ambao hatuuthamini, watu wanawaogopa tu. Mlima Meru kuna wa pembe tatu, dume lake lina pembe tatu usoni, ni jamii ndogo ambayo asili yake ni mlima huo, Trioceros jacksonii merumontanus. Kilimanjaro kuna wa pembe mbili bapa zinazotokea puani, Kinyongia tavetana. Huku chini kwenye joto kuna yule wa kawaida mwenye vipande vya ngozi nyuma ya kichwa, Chamaeleo dilepis. Majike yanaweza yasiwe na pembe au yawe na kapembe kadogo tu, kwahiyo bila picha nzuri ya kichwa usilazimishe jina, sema "kinyonga" basi.

Na hilo la kusema "kinyonga basi" ndo wengi linawashinda. Hakuna aibu kuishia kwenye kundi. "Mnana, sijui yupi" ni jibu zuri kuliko jina la kubuni, kwasababu jina la kubuni likishaingia kwenye kumbukumbu linakaa humo na mtu mwingine analichukua kama kweli.

Programu za kutumia

Mimi nashauri mbili, usijaze simu.

Ya kwanza iNaturalist. Ilianza 2008 kama mradi wa wanafunzi wa chuo kikuu cha California pale Berkeley, sahivi inatumika dunia nzima na ni bure. Inapokea kila kitu chenye uhai, uyoga, buibui, jongoo, mti. Unafungua akaunti, unapandisha picha, kama lokesheni ilikuwa imewashwa inajaza mahali na tarehe yenyewe, kama haikuwashwa unaweka kidole kwenye ramani. Unaweza kurekodi bila mtandao ukapandisha ukifika kwenye waifai.

Ukipandisha picha mashine inakupa mapendekezo ya majina. Hapa kuwa makini sana. Mashine imefundishwa kwa picha nyingi za Marekani na Ulaya kuliko za kwetu, kwahiyo kwa wadudu na mimea hasa inaweza kukuletea kitu cha Texas kwa uhakika kabisa, ukiona pendekezo angalia kama inasema ameonekana karibu na hapo, fungua ramani yake, kama nukta zote ziko bara lingine achana nalo. Chagua ngazi ya juu, jamii au familia, halafu waachie watu.

Watu ndo kiini chake. Mwingine anakuja anaona rekodi yako anaweka jina analodhani. Mkiwa angalau wawili na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina wamekubaliana mpaka kwenye spishi, na picha, tarehe na mahali vipo, rekodi inapanda daraja la utafiti, na kutoka hapo, kama leseni uliyoweka kwenye rekodi yako inaruhusu, inapelekwa GBIF, hilo ni ghala la kimataifa la taarifa za viumbe ambalo wanasayansi wanachota. Yaani picha yako ya panzi wa Kiborloni inaweza kuishia kwenye kazi ya mtu wa Brazil. Ndo mana narudia, usikubali jina kwa kuwa tu mtu amelisema, ukibonyeza kukubali bila kuelewa umeshapiga kura. Kama hujui muulize "umemtambuaje, ni alama gani", wengi wanajibu vizuri tu, na kwa Kiingereza cha kuunga unga pia wanakuelewa.

Vitu kama ng'ombe, kuku, maua ya bustani, michongoma iliyopandwa, mti wa barabarani: ukiweka weka alama kwamba ni wa kufugwa au kupandwa. Mjakaranda unapendeza Arusha mwezi wa kumi lakini ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini na ule wa mbele ya ofisi umepandwa na mtu.

Ya pili ni eBird, hii ni ya ndege tu, ya maabara ya ndege ya chuo kikuu cha Cornell, iko tangu 2002. Yenyewe haitaki picha moja moja, inataka orodha: nilianza saa ngapi, nimetembea umbali gani, nimeona aina zipi na wangapi. Ukitaja ndege wote uliowatambua bila kuruka wale wa kawaida orodha inakuwa na thamani zaidi, kwasababu inaonesha pia ambao hawakuwepo. Shomoro nao weka. Ndugu yake anaitwa Merlin, anakusaidia kutambua kwa kukuuliza ukubwa, rangi na alikuwa anafanya nini, unashusha kifurushi cha nchi mara moja afu kinafanya kazi bila bando. Mwezi wa tano na mwezi wa kumi kila mwaka eBird wana siku kubwa ambapo dunia nzima inahesabu ndege, machalii wa kutembeza wageni wanaweza kuifanya kwenye off zao.

Usiseme kila kitu kiko wapi

Hapa naomba tusikilizane. Kutoa taarifa ni vizuri ila kuna taarifa zinaua.

Kiota chenye mayai au makinda, usiweke mahali halisi. Bundi, hata zaidi, mnajua wenyewe watu wetu wanavyomchukulia bundi, ukitangaza kwenye grupu la mtaa kwamba bundi amezaa kwenye mti wa shule kesho yake mti unapigwa mawe. Korongo taji, yule mwenye taji la dhahabu kichwani, yuko kwenye orodha ya walio hatarini na watu wanakamata makinda yake wafuge. Kinyonga wa milimani wamewindwa miaka mingi kwa biashara ya kuwauza nje, serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi 2016, lakini mnunuzi akiona lokesheni yako imeandikwa mpaka mti, umemfanyia kazi.

iNaturalist ina sehemu ya kuficha, ukiichagua nukta yako inatupwa ovyo ndani ya eneo kubwa la kama kilomita 22 kwa 22, mtu anajua tu ni maeneo ya Meru. Kwa viumbe wengi walio hatarini inaficha yenyewe. Lakini WhatsApp na Facebook hawakufichii kitu, hapo ni kichwa chako. Na ukificha kwenye programu afu kwenye maelezo ukaandika "nyuma ya kanisa la Kilema", hujaficha.

Pia kipolepole na kwa heshima: usivunje matawi ili picha iwe safi, usimtoe kinyonga kwenye mti umweke mkononi afu urudishe mti mwingine, usicheze sauti ya ndege kwenye spika kumwita mara kumi kumi hasa msimu wa kuzaa, anaacha kulisha watoto anakuja kupigana na simu yako.

Manyoya, pembe, mifupa, magamba, ngozi ya chui uliyookota, piga picha uache hapohapo. Sheria ya wanyamapori ya 2009 inahesabu hivyo kama nyara, na kukutwa nazo bila kibali ni kesi, askari hatakuelewa kwamba wewe ni mpenda mazingira.

Nyoka, piga kutoka mbali au usipige kabisa. Kifutu anajificha kwenye majani makavu hakimbii, watu wanamkanyaga, kwahiyo ukiwa porini macho chini kabla ya macho juu. Usimuue ili umpige picha. Mtu akiumwa usikate wala usinyonye, mtulize asitembee tembee, mpeleke hospitali haraka, picha ya nyoka kama ilishapigwa mpe daktari, ila hakuna kumfuata nyoka kwa ajili hiyo. Na kwenye msitu wa Meru chini kule nyati wapo, usiingie peke yako kwasababu ya kipepeo.

Wenye shamba pia. Ukiona umesimama kwenye kihamba cha mtu na darubini, piga hodi, "shikamoo mzee, naangalia ndege hapa kwako, unaniruhusu?" Wazee wa Kichaga wakishakuelewa hawakuachi, utaoneshwa kila tundu la hondohondo lililowahi kuwepo tangu kahawa ikiwa na bei, na kwa kweli hiyo historia nayo iandike, pamoja na mwaka anaosema.

Vya kuangalia kwa msimu

Kuanzia mwezi wa tisa na kumi wageni kutoka Ulaya na Asia wanaingia. Mbayuwayu wenye koo jekundu na mkia mrefu uliogawanyika wanajaa kwenye nyaya za umeme, keremkerem wa Ulaya wanapita juu kwa makundi, unawasikia kabla hujawaona, na kwenye mashamba yaliyolimwa tafuta korongo weupe. Wote hao mpaka mwezi wa nne wengi wameondoka. Tarehe ya kumuona wa kwanza na tarehe ya kumuona wa mwisho mtaani kwako, hizo mbili peke yake ukiziandika kila mwaka ni taarifa nzito. Korongo akiwa na pete mguuni jitahidi upate namba kwenye picha, alivishwa na watu wa utafiti huko alikotoka na wanapokea taarifa kwa mtandao, wakikujibu watakwambia alivishwa wapi na lini.

Masika ni ya vyura, konokono, jongoo na uyoga, toka usiku na tochi baada ya mvua. Kiangazi majani yakipungua ni wakati wa viota vya zamani na ndege wakubwa.

Na kama una usafiri nenda siku moja nyika za Engikaret, barabara ya Namanga, asubuhi sana kabla upepo haujaanza. Kuna kipozamataza mdogo wa rangi ya vumbi, Chersomanes beesleyi, anapatikana kwenye nyika hizo za kaskazini ya Arusha na hajulikani sehemu nyingine duniani, idadi yake ni ndogo sana. Anatembea wima kwenye udongo mtupu, mkia mfupi, ukisimama kidogo ndo unamuona. Vijana wa Kimasai wanaochunga pale wanajua wapi anashinda, salimia kwanza, na usiendeshe gari nje ya njia kwasababu kiota chake kiko chini. Ukimpata weka rekodi, ficha lokesheni.